Taa ya kupimia, mita au skana: kipi kianze kabla hujanunua spea ya umeme

Spea ya umeme ikishatoka dukani, kwa kawaida hairudi. Iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi au Kisekka mjini Kampala, ukinunua alteneta, sensa ya oksijeni au koili kisha ukagundua ubovu haukuwa huko, hasara ni yako. Muuzaji hana njia ya kujua kama kifaa kimerudi kizima au kimeunguzwa na shoti ya gari lako. Kwa hiyo kila kipimo kinachofanyika kabla ya kufungua pochi kina thamani, na bei ya mita ya kawaida haifiki hata ya sensa moja ya oksijeni.

Mwenye gari huwa anachagua kati ya vifaa vitatu. Kuna taa ya kupimia, ile yenye ncha kama msumari na kibanio cha kubana kwenye bodi. Kuna mita ya dijitali, ambayo mafundi wengi huiita testa. Halafu kuna skana ya OBD, ile ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Kazi zao hazifanani. Taa inakuambia kama umeme unafika mahali fulani ukiwa na nguvu ya kuwasha kitu. Mita inakuambia unafika kiasi gani na unapotelea wapi. Skana inakuambia kompyuta ya gari inalalamikia nini. Pesa nyingi huteketea pale mtu anapoiuliza skana swali la mita.

Kama unaweza kununua kimoja tu, nunua mita. Hitilafu zinazosumbua watu kila siku ni gari kugoma asubuhi, betri kulala, chaji kuwa ndogo, taa kufifia na stata kulia klik bila kuzunguka. Nyingi kati ya hizo haziachi msimbo wowote kwenye kompyuta, kwa hiyo skana itakuonyesha kwamba gari ni zima huku limelala barazani. Tena magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Marekani ililazimisha OBD-II, yaani lugha moja ya kusomea kompyuta za magari yote, kwa magari ya abiria kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini Japani ilikuwa na utaratibu wake. Vitz au IST ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaweza kuwa na tundu lilelile la pini 16 na bado skana ya bei rahisi isielewane nayo. Usinunue skana kabla hujaazima ya mtu na kuijaribu kwenye gari lako.

Taa ya kupimia: ya haraka, lakini ina mipaka

Uzuri wa taa ni kwamba inakula umeme, takriban robo ampea kwa ile ya balbu ya kawaida. Soketi iliyoliwa na kutu ya kijani inaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa kuwa mita karibu haivuti kitu. Ukigusa hapohapo kwa taa, itawaka kwa unyonge au isiwake kabisa. Kwa taa za nje, honi, feni na pampu ya mafuta, jibu hilo linatosha.

Kazi inayoifanya vizuri kuliko mita ni kukagua boksi la fyuzi. Bana kibanio kwenye nati safi ya bodi, gusa kwanza ncha chanya ya betri kuhakikisha taa yenyewe ni nzima, weka funguo kwenye ON, kisha gusa vinundu viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka kokote, saketi hiyo haijapewa umeme, pengine inasubiri swichi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Boksi zima linaisha kwa dakika tano bila kuchomoa chochote.

Ukikuta fyuzi ya ampea 10 imekatika, usiweke ya 20. Utakuwa umehamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya ulio nyuma ya dashibodi. Fyuzi ikikatika tena na tena, chukua balbu ya breki ya wati 21, uifunge nyaya mbili, uichomeke mahali pa fyuzi. Balbu hiyo hairuhusu hata ampea 2 kupita, kwa hiyo hakuna kinachoungua wakati unatafuta. Maadamu shoti ipo, itawaka kwa nguvu zote. Anza kuchomoa soketi za vifaa vya saketi ile kimoja kimoja. Balbu itakapofifia au kuzima, shoti iko kwenye ulichochomoa sasa hivi, au kwenye waya unaotoka hapo kwenda mbele.

Kuna mahali taa hii haitakiwi kabisa: waya za sensa, waya za kompyuta ya injini, yaani control box, na airbag, ambayo waya au soketi zake kwa kawaida ni za njano. Robo ampea inatosha kuunguza transista iliyo ndani ya kompyuta, na kwenye airbag inaweza kulipua mfuko. Hata sensa zinazotumia volti 5 haitakuambia ukweli, kwa sababu balbu yake haijiwashi vizuri kwa volti hizo. Na ile tabia ya kuchoma ganda la waya kwa ncha yake, wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar waiogope zaidi. Unyevu wenye chumvi huingia kwenye kitundu hicho, shaba ikageuka kijani kwa ndani, na baada ya miezi unakuwa na hitilafu mpya uliyoitengeneza mwenyewe. Pima kwa kuingilia nyuma ya soketi.

Mita: hapa ndipo pesa inapookolewa

Chagua mita yenye kipimo cha volti 20 DC, omu, na tundu la ampea 10 lenye fyuzi ndani. Nyingi za bei ya chini kabisa tundu lao la ampea 10 halina fyuzi, na ukikosea mahali pa kugusa, waya za mita ndizo zinazogeuka fyuzi.

Anza na betri gari likiwa limelala usiku kucha. Kama limetoka kuendeshwa, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 na zaidi ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Sasa mwenzako apige stata huku ncha za mita zikiwa kwenye vichwa vya betri. Hapa kuna majibu matatu, na kila moja linakupeleka duka tofauti.

Kama betri ilikuwa 12.6 na ikaporomoka chini ya 9.6 huku stata ikijikokota, betri ndiyo ya kushukiwa kwanza: imejaa kwa juu lakini haina nguvu ya kusukuma. Ijaribu betri nyingine nzima. Hali ikiwa ileile, stata inavuta kupita kiasi. Kama volti zinabaki 12.3 hivi na unasikia klik moja tu, betri haina kosa, umeme hauifikii mota ya stata. Na kama hakuna hata klik, fuata waya mdogo wa stata, rilei yake, na swichi ya gia ya otomatiki inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye D.

Klik moja kwenye stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi husababishwa na shaba mbili za ndani ya soleno, ile swichi ya sumaku ya stata, ambazo huliwa na cheche. Shaba hizo huuzwa peke yake, na fundi anayejua kazi huzibadilisha bila kukuuzia stata nzima.

Upande wa chaji, injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, kiyoyozi na feni, panda hadi mizunguko 2,000; ikibaki juu ya 13 mambo ni mazuri. Ikivuka 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za chaji, imekufa, na hiyo itaua betri mpya ukiiweka. Magari mapya kiasi ambayo kompyuta ndiyo inayoamua chaji yanaweza kukaa kwenye 12.8 kwa muda kwa makusudi, kwa hiyo yape mzigo kwanza ndipo utoe hukumu.

Ikisoma 12.4 na inazidi kushuka, gari halichaji. Lakini alteneta bado haijapatikana na hatia. Kagua mkanda. Pima kwenye boliti nene nyuma ya alteneta: kama pale kuna 14.2 na betrini kuna 12.3, kilichokatika ni fyuzi kubwa ya chaji au waya wake. Angalia soketi ndogo. Kwenye Toyota nyingi ina waya za IG (umeme wa funguo), L (taa ya chaji) na S (unaopima volti za betri). Funguo zikiwa ON, IG lazima iwe na volti za betri, na taa ya chaji kwenye dashibodi lazima iwake kabla hujapiga stata. Isipowaka, balbu au waya wa L una tatizo. Yote hayo yakiwa sawa ndipo uishushe alteneta, na hata hapo muulize fundi akuonyeshe kaboni, yaani brashi za ndani yake. Alteneta nyingi zinazotupwa zilihitaji kaboni au regyuleta tu.

Diodi, zinazogeuza umeme geu (AC) wa alteneta kuwa DC, pia hupimika bila kufungua kitu: weka mita kwenye volti za AC, injini ikiwaka na taa zimewashwa, gusa vichwa vya betri. Ikizidi nusu volti, diodi zimeanza kuvuja. Mita za bei ya chini kabisa hudanganya kwenye kipimo hiki. Ikikuandikia 25 au 30 kwenye betri ya gari, mita ndiyo imechanganyikiwa, azima nyingine.

Kipimo kinachostahili kujifunzwa kuliko vyote ni cha volti zinazopotea njiani. Watu wengi hupima waya kwa omu, wakaona sifuri, wakaamini ni mzima. Waya mnene wa stata wenye ukinzani wa omu 0.01 utaonekana sifuri kwenye mita ya kawaida, lakini ampea 150 za stata zikipita hapo, volti 1.5 zinapotea njiani. Waya kama huo unaonekana mzima kwenye mita lakini hauwashi gari. Ndiyo sababu lazima upime umeme ukiwa unapita.

Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwenye injini) ili injini isiwake. Kwa upande wa bodi, weka ncha nyeusi juu ya kichwa hasi cha betri chenyewe, si kwenye kibano, na ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Ikizidi volti 0.2, njia ya kurudi ni mbovu. Kwa upande wa chanya, nyekundu iwe kwenye kichwa chanya na nyeusi kwenye boliti nene ya stata; isizidi 0.5. Namba ikiwa kubwa, rudisha ncha hatua kwa hatua kuelekea betri: kutoka boliti hadi kichwa cha waya, kutoka waya hadi kibano, kutoka kibano hadi betri. Pale namba inapoanguka ghafla, ubovu uko kati ya mahali hapo na ulipotoka. Mara nyingi ni unga mweupe kati ya kibano na kichwa cha betri, au waya wa bapa unaounganisha injini na bodi ambao haukurudishwa baada ya kushusha gia boksi. Waya huo ukikosekana, taa hufifia, sensa husoma ovyo, na mtu huuziwa sensa tatu mfululizo. Maji ya moto, brashi ya waya, msasa na grisi kidogo baada ya kukaza ndiyo matengenezo yote.

Betri inayolala kila baada ya siku mbili hupimwa kwa ampea. Legeza waya hasi, hamishia ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, kisha mita ikae kati ya waya na kichwa cha betri. Funga loki ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, toa funguo, subiri nusu saa kompyuta zote zilale. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Ukiona nusu ampea, ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 haina haki ya kuwasha gari siku ya tatu. Kabla ya kulaumu kompyuta, kagua vilivyoongezwa baada ya gari kutoka Japani: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio mpya, na kile kikopo cha kuongeza masafa ya FM kwa sababu redio nyingi za Japani huishia 90 MHz. Mafundi wengi huviunga kwenye waya ambao hauzimiki na funguo.

Skana: inataja saketi

Msimbo P0135 unasema saketi ya hita ya sensa ya oksijeni ina hitilafu. Hausemi nunua sensa. Fyuzi ya hita, soketi iliyoyeyuka kwa joto la ekzosi na waya uliokatika vyote huleta msimbo huohuo. Chomoa sensa, pima hita yake kwa omu: ikisoma omu chache tu, hita haijakatika, na kosa liko upande wa gari. P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu au sensa ya hewa yenye vumbi ni watuhumiwa kabla ya sensa ya oksijeni, ambayo kosa lake pekee huenda ni kuripoti kwa uaminifu.

Thamani kubwa ya skana iko kwenye namba zinazobadilika papo kwa papo, na watu wengi hawazifungui. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji na la hewa inayoingia yakaribiane. Joto la maji likiandikwa nyuzi -40 mjini Morogoro, waya wa sensa umekatika au soketi imechomoka. Likiandikwa karibu 140 kwenye injini baridi, waya umegusa bodi. Chomoa soketi ya sensa: 140 ikirukia -40, waya na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo imekufa, kanunue.

Andika misimbo yote kabla ya kufuta. Kama imejaa misimbo kumi ya mifumo isiyohusiana, au P0562 wa volti ndogo upo, rudi kwenye betri na bodi kwanza. Na skana ikikataa hata kuwaka, pima tundu lenyewe: pini ya 16 iwe na volti za betri, 4 na 5 ziwe bodi. Kwenye magari mengi fyuzi ya pini ya 16 ndiyo hiyohiyo ya tundu la kuchajia simu. Kwa gari la mfumo wa CAN, yaani mtandao unaounganisha kompyuta za gari, betri ikiwa imefunguliwa, pini 6 na 14 zisome omu 60. Ukipata 120, upande mmoja wa mtandao umekatika. Karibu sifuri ni shoti.

Skana ndogo nyingi husoma injini pekee. Mashine kubwa ya gereji ilipiwe kwa ajili ya ABS, airbag, gia boksi na funguo zenye chipu, na kwa uwezo wake wa kuamrisha feni au pampu iwake bila kusubiri. Ukilipia, dai misimbo kwa maandishi, na uulize nini kilipimwa kwa mita baada ya msimbo kuonekana. Fundi asiye na jibu la swali la pili amekuuzia nusu ya kazi.

Na kubadilishana vifaa?

Kwa baadhi ya vifaa hakuna kipimo bora zaidi, na hakigharimu kitu. P0301 ni silinda ya kwanza kukosa moto. Hamisha koili ya kwanza iende ya pili, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, tazama plagi, injekta na waya. Rilei nayo ibadilishe na ya honi yenye namba ileile; au pima pini zake zenye namba 85 na 86, zisome kati ya omu 50 na 120 hivi. Lakini control box na alteneta za kuazima usijaribu. Kilichounguza ya kwanza kinaweza kuunguza na ya kuazima, na magari yenye funguo za chipu hayatawaka na control box ngeni hata ikiwa nzima.

| Dalili | Anza na | Kinachoamua |
|---|---|---|
| Klik moja, haliwaki | Mita | Volti za betri wakati wa stata, kisha volti zinazopotea |
| Taa ya chaji inawaka | Mita | Boliti ya alteneta dhidi ya betri |
| Honi, taa au feni imekufa | Taa ya kupimia | Fyuzi pande zote mbili, kisha soketi |
| Fyuzi inakatika kila mara | Balbu ya wati 21 | Inafifia ukichomoa nini |
| Taa ya injini, gari linatetemeka | Skana | Koili ikihamishwa, msimbo unahama? |
| Taa ya ABS au airbag | Mashine ya gereji | Msimbo, kisha soketi |

Magari ya haibridi

Aqua, Prius na Fielder Hybrid zina waya za rangi ya chungwa zenye volti zaidi ya 100. Hizo haziguswi na kifaa chochote kilichotajwa hapa. Ila zina pia betri ndogo ya volti 12, mara nyingi nyuma au chini ya kiti, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikichoka, dashibodi hujaa taa za onyo, gari hukataa kufika READY, na mwenye gari huambiwa betri kubwa imekufa. Pima ndogo kwanza gari likiwa limelala: ikiwa chini ya 12, ichaji au ibadilishe kisha usome misimbo upya. Gari likiwa READY, betri hiyo isome karibu 14. Haibridi hizi hazina alteneta, kibadilishi cha umeme ndicho kinachoichaji, kwa hiyo anayetaka kukuuzia alteneta ya Aqua hajalifungua gari lako.